Jenereta la Mkono Mmoja

Mtaani walimwita Mama Vifaranga, na jina hilo hakupewa bure. Chumba cha nyuma cha nyumba yake, walimolala watoto kabla hawajaoa na kuolewa, kilikuwa na mashine ya kutotolesha mayai: kabati jeupe lenye mlango wa kioo, trei zilizopangwa ndani, feni ndogo ya kusambaza joto, na kipimajoto alichokitazama mara nyingi kuliko alivyojitazama mwenyewe kwenye kioo. Wafugaji walimletea mayai, yeye akawarudishia vifaranga wanaolia.

"Kuku ana maringo," alipenda kusema. "Leo anaatamia, kesho kaghairi, kaenda zake kuchakura. Mashine yangu haighairi."

Kweli mashine haikughairi. Aliyeghairi ni umeme.

Mumewe alikuwa seremala, na kila mtu alimwita Fundi, mkewe akiwemo. Nusu ya milango ya mtaa ule ilipita mikononi mwake. Kisha kiharusi kikamwangusha karakanani akiwa ameshika randa. Uhai alirudishiwa, ila upande wa kulia haukurudi wote: mkono ulining'inia kama mkono wa koti lililotundikwa, mguu uliburuta, na maneno yalitoka mafupi, moja moja, kama mtu anayeng'oa misumari. Mtu aliyekuwa akibeba kitanda begani sasa alifungwa vifungo vya shati na mkewe. Asubuhi Mama Vifaranga akitoka kupeleka vifaranga kwa wateja, Fundi alibaki kwenye kiti cha sebuleni, akiangalia ukuta. Marafiki walikuja kumjulia hali mwanzoni, halafu wakapungua. Wanaume wengi hawajui la kumwambia mwenzao asiyeweza kushika nyundo.

Siku moja Mama Vifaranga alikuwa amekwenda kununua chakula cha kuku. Umeme ukakatika huku nyuma, na mayai yaliyokuwemo kwenye mashine yalikuwa yamebakiza siku chache tu kuanguliwa. Jirani wao, mama mwenye saluni, alikuwa na jenereta dogo la kuvuta kamba. Alipoona Fundi amesimama mlangoni kahangaika, alilisukuma mpaka uani kwao.

"Fundi, tumieni hili. Mimi nakimbia hospitali kumwona mgonjwa wangu. Vuta tu kamba, litawaka."

Vuta tu kamba. Mwenye mikono miwili haoni ugumu wa maneno hayo. Mkono mmoja huvuta, wa pili hushikilia mashine isikufuate. Fundi alivuta kwa kushoto, jenereta likamfuata. Alijaribu kulikanyaga kwa mguu mzima, akabaki amesimama juu ya ule mbovu. Akavuta kwa nguvu zake zote, na hapo ndipo alipokwenda chini.

Mkewe alimkuta amekaa kwenye vumbi kando ya jenereta, kiwiko kimechubuka, kamba bado ameishika.

"Nilivuta," alisema.

"Naona, mume wangu."

"Nilivuta, lakini... limekataa."

Alimwinua, akamwosha kiwiko, akaliwasha jenereta mwenyewe, lakini joto lilikuwa limeshashuka mno. Siku za kuanguliwa zilipofika halikudonolewa hata ganda moja. Mama Vifaranga alipoyapasua mayai alikuta vifaranga kamili, wana manyoya na midomo, wamelala wamejikunja. Alikwenda nyuma ya tangi la maji akalia. Wateja walidhani analilia mayai. Mayai yaliuma, ndiyo, lakini aliyemliza ni yule mtu aliyekaa vumbini na kamba mkononi.

Alipofuta macho, alikuwa ameshaamua kununua jenereta lao wenyewe.

Habari zikamfikia shemeji yake, mdogo wa Fundi, dereva wa malori ambaye watu walimwita Breki kwa sababu mdomo wake haukuwa nayo. Breki alimpenda kaka yake, na mapenzi yake yalikuwa ya kelele. Haikupita wiki, akaegesha pikapu mbele ya nyumba, nyuma limefungwa kwa minyororo jenereta kuukuu la dizeli, kubwa kama ndama.

"Shemeji, usinunue kitu!" alipaza sauti kabla hajazima gari. "Bosi wangu kalitoa, kaleta jipya. Bure! Hili linawasha nyumba yako, linawasha mtaa mzima, na moto unabaki!"

Walilishusha wanaume wanne. Breki alichomeka mpini wa chuma wa kuzungushia, akavua shati, akashirikiana na mwenzake kuuzungusha mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Jenereta lilikohoa, likakohoa tena, kisha likanguruma. Moshi mweusi uliingia kwa dirisha la jikoni. Vikombe vilicheza kwenye rafu, kimoja kikajitupa sakafuni. Mama wa saluni akatoka na mteja wake mwenye nywele zilizosukwa nusu, kuona kama kuna lori limeingia ukutani.

"Mmesikia hiyo?" Breki alipiga kelele akiwa anacheka. "Hiyo ndiyo nguvu!"

"Debe tupu nalo lina sauti kubwa," mama wa saluni alisema, bahati nzuri hakuna aliyemsikia.

Mama Vifaranga alisubiri mpaka lizimwe. "Shemeji, nimeshukuru sana. Sasa niambie. Nikiwa sipo, nani ataliwasha?"

"Si utanipigia simu?"

"Na ukiwa safarini?"

"Basi utamwita mwanamume yeyote anayepita. Wanaume watakosekana?"

Fundi alikuwa amesimama mlangoni akiegemea mkongojo. Alimtazama mdogo wake, akatazama ule mpini wa chuma, akageuka taratibu kurudi ndani. Mguu wake ulisikika ukiburuta mpaka kitini. Breki akayafumba macho. Lilikuwa limeshamtoka, na neno halirudi kinywani.

"Lirudishe, shemeji," Mama Vifaranga alisema kwa upole.

"Zawadi haikataliwi!"

"Upendo wako sijaukataa. Nimekataa chuma. Lirudishe."

Breki na wale wenzake walilipakia, yeye akiwa kanuna, akaondoka bila kunywa hata maji. Majirani walimwona Mama Vifaranga hana akili: nani anakataa kitu cha bure, kisha anakwenda dukani kutoa pesa? Yeye alijua rahisi ni ghali, na ghali yenyewe haikuwa ya mafuta wala spea.

Alianza kwa kumwita fundi umeme aliyewahi kuwafungia nyaya, mtu mtaratibu mwenye penseli sikioni. Fundi umeme alikagua mashine ya mayai, friji linalotunza chanjo za vifaranga, na taa.

"Mashine ya mayai haina shida, inakula kidogo," alisema. "Wa kuangalia ni friji. Friji likiwa linatembea ni mpole, lakini pale linapoanza linavuta umeme mara kadhaa zaidi, kama mtu anayesukuma gari lililozima. Ukinunua jenereta linalotosha kwa kipimo tu, siku friji litakapoamka kila kitu kitazimika. Acha nafasi ya kupumua. Lakini usipitilize, maana jenereta kubwa lisilo na kazi linakunywa mafuta bure."

Kisha akaacha utani kabisa. "La pili, moshi. Lisikae ndani, wala barazani, wala chini ya dirisha, hata mvua inyeshe vipi. Moshi ule una sumu isiyonuka. Unasinzia, huamki. Na la tatu, nitawafungia swichi ya kubadilishia: ama umeme wa mtaani, ama wa jenereta, kamwe si vyote pamoja. Mkirudisha umeme kwenye nyaya za mtaa, mnaweza kumuua mwenzangu aliye juu ya nguzo."

Mama Vifaranga aliyashika yote hayo. La nne alikuwa nalo mwenyewe, na hilo hakumwambia mtu.

Duka la mashine lilikuwa refu na jembamba, linanuka oili na mpira mpya. Muuzaji alimpokea kwa bashasha, akampeleka moja kwa moja kwenye majenereta ya kamba. "Haya ni imara, mama, hayana mambo mengi."

Mama Vifaranga aliuficha mkono wake wa kulia mgongoni, akaushindilia kwenye mkanda wa sketi, akashika kamba kwa kushoto. Akavuta. Jenereta likamfuata.

"Hapana."

Alisogea kwenye la ufunguo. Ufunguo uligeuka vizuri, lakini koki ya mafuta ilikuwa chini ya tangi, upande wa pili, na kuifikia ilibidi apige magoti. "Hapana." Lingine lilikuwa dogo, la kubonyeza kitufe, zuri kama mkoba wa bibi harusi, lakini kwa maelezo ya muuzaji mwenyewe lisingeweza kuliamsha friji. "Hapana."

Muuzaji alivumilia, mwishowe akashindwa. "Mama, samahani. Mkono una nini?"

"Mkono mzima."

"Mbona umeufunga?"

"Kwa sababu si mimi nitakayeliwasha. Ni mume wangu, na yeye mkono wa kulia haufanyi kazi."

Muuzaji alilisogeza kando lile la kitufe. Kisha akauweka mkono wake wa kulia mgongoni. "Tuanze upya," alisema. Wakaanza kuzunguka duka zima, watu wazima wawili wenye mkono mmoja mmoja, wakifungua koki na kugeuza funguo. Mteja aliyeingia kununua mkanda wa pampu aliwatazama, akaona asiulize. Muuzaji alikataa jenereta moja kabla hata Mama Vifaranga hajalifikia: "Hili kifuniko cha mafuta kinataka mikono miwili. Hili silo lake."

Walilipata kwenye kona, nyuma ya pampu za maji. Lilikuwa la petroli, la wastani, zito kiasi cha kutulia mahali pake. Magurudumu yalikuwa na kufuli la kukanyaga kwa mguu. Koki, choki ya kuamshia injini baridi, na ufunguo vilikuwa upande mmoja, kimoja baada ya kingine, kwa urefu wa mtu aliyekaa kwenye stuli. Na lilipowaka, walizungumza kando yake bila kupaza sauti. Mama Vifaranga aliliwasha kwa kushoto, akalizima, akaliwasha tena, na tena. Kisha akautoa mkono wa kulia mkandani, akampa muuzaji mkono wa heri.

Kazi ngumu ilibaki nyumbani. Fundi aliliangalia jenereta lililoshushwa uani, akakunja uso.

"Nimekuwa... mlinzi wa mayai?"

"Fundi, mimi nimechoka kubeba nyumba hii peke yangu," mkewe alimjibu. Hakusema kwa hasira, lakini hakuremba. "Sikuhurumii. Nakuhitaji. Sasa niambie lijengewe kibanda wapi, maana wewe ndiye unayejua upepo wa uwanja huu."

Fundi aliinuka. Halafu alichukua mkongojo, akatoka, akasimama katikati ya uwanja. Alinyanyua uso kama mtu anayenusa. Akaenda hadi ukuta wa mwisho, mbali na madirisha yote, akachora mstari ardhini kwa ncha ya mkongojo. "Hapa. Paa juu. Pande... wazi."

Breki alipopigiwa simu alikuja bado amenuna kidogo, lakini aliposikia kwamba atajenga kwa amri ya kaka yake, kununa kulikwisha. Fundi aliketi kwenye stuli, akatoa maagizo kwa neno moja moja: "Juu. Kushoto. Umepinda. Toa." Breki alitoa msumari uleule mara nyingi hata akaapa kwamba kuendesha lori milimani ni mapumziko. Lakini kibanda kiliposimama, kilisimama sawa, na Fundi alikipiga nguzo kofi moja la kushoto, kama alivyokuwa akipiga milango yake zamani.

Walipanga mafuta kwenye madumu madogo ambayo mkono mmoja unaweza kuyainua, yakakaa stoo mbali na moto. Fundi alifanya mazoezi ya kuwasha na kuzima mpaka mama wa saluni akauliza kama kuna sherehe.

Mtihani ulikuja msimu wa mvua. Mama Vifaranga alikuwa ameondoka alfajiri na maboksi ya vifaranga kwa mfugaji wa mji wa jirani, akiacha trei zimejaa mayai yaliyokuwa tayari kuanguliwa. Mvua ilianza akiwa njiani. Alipofika, barabara nyuma yake ilikuwa imekatwa na maji. Akalala kwa mfugaji, na asubuhi akasikia kwamba transfoma ya kwao imepigwa na radi tangu jana. Alipiga simu nyumbani. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata.

"Mama, kaa unywe chai," mfugaji alimsihi.

Chai ilimpoa mkononi. Macho yake hayakuona kikombe, yaliona vumbi, na mtu aliyekaa chini.

Nyumbani mambo yalikuwa hivi. Radi ilipopiga, taa zilizimika na feni ya mashine ikanyamaza. Fundi alisikia ule ukimya kabla ya kitu kingine chochote. Alivaa koti la mvua nusu, la upande mmoja, akavuka uwanja akiburuta mguu kwenye tope. Aliketi kwenye stuli, akavuta choki, akageuza ufunguo. Jenereta likazunguka, likanong'ona, halikushika. Akageuza tena, vilevile. Akautoa mkono wa kushoto kwenye ufunguo. Akaushusha gotini. Akajiambia kama alivyokuwa akiwaambia wanagenzi wake: ukikosea kipimo, usilaumu msumeno. Akakagua tangu mwanzo. Koki! Koki ya mafuta ilikuwa imefungwa.

Akaifungua, akageuza ufunguo, na jenereta likaitika.

Alirudi ndani, akageuza swichi ya ukutani. Feni ikaanza kuzunguka. Friji lilipoamka, taa ilififia kidogo, ikasimama imara. Fundi, akiwa peke yake na tope mpaka magotini, alicheka kwa sauti.

Hakulala usingizi wa maana tangu hapo. Tangi lilipokaribia kwisha alizima, akasubiri injini ipoe kwanza, akamimina mafuta dumu moja moja, akawasha tena. Asubuhi mama wa saluni alikuja na simu za mtaa mzima za kuchajiwa, na pasi kwapani.

"Simu, sawa," Fundi alimwambia. "Pasi, hapana."

"Nguo mbili tu, Fundi!"

"Pasi inakula... kama lori. Nenda ukazilaze chini ya godoro."

Mama wa saluni alisimulia baadaye kwamba hilo ndilo lilikuwa neno refu zaidi alilomsikia Fundi akilisema tangu augue, na kwamba alifukuzwa kwa raha zake.

Maji yalipopungua, Mama Vifaranga alipata gari la kwanza. Aliposhuka mwanzo wa mtaa, nyumba zote zilikuwa kimya, hakuna redio wala kinu cha kusaga. Akatembea haraka, kisha akaanza kukimbia, maboksi matupu yakimgonga miguuni. Karibu na nyumbani alisikia mvumo wa chini, laini, usiokatika. Akasimama katikati ya barabara na mkono kifuani.

Fundi alikuwa uani, amekaa, suruali imekauka tope.

"Simu!" mkewe alimfokea, machozi yanamtoka. "Mbona hupokei simu?"

"Iko ndani. Mimi... nilikuwa kazini."

Alitaka kukimbilia chumba cha nyuma, lakini Fundi aliinua mkongojo ukamzuia kama geti. "Nawa mikono kwanza. Na usifungue mlango wa mashine. Wanatoka."

Tangu mashine ile iingie nyumbani, hakuna aliyewahi kumpa Mama Vifaranga amri juu yake. Alinawa. Wakaenda pamoja, wakainama mbele ya kioo. Ndani, ganda moja lilikuwa limepasuka katikati, kifaranga amelala kifudifudi amelowa, anapumua kwa mwili mzima. Kando yake mwingine alikuwa ameshakauka, anatembea juu ya mayai ya wenzake kama mwenye nyumba. Trei nzima ilikuwa inatikisika na kulia. Mama Vifaranga aliuchukua ule mkono wa kulia, wa baridi, akaushika kwa mikono yake miwili.

Jioni Breki alifika moja kwa moja kutoka safarini. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza kaka yake hata pale maneno yalipochelewa, na kwake hilo lilikuwa kazi kuliko kuzungusha mpini wa chuma. Mwisho alisema, "Kaka, umewasha kwenye radi?" Fundi akajibu radi ilikuwa imeshapita. Siku zilizofuata, wateja walipokuja kuchukua vifaranga na kuuliza, radi haikuwa imepita tena. Ilikuwa ikipiga huku na huku, na tope lilikuwa limefika kiunoni. Mkewe alisikia, akaziba mdomo kwa kitenge, hakumsahihisha.

Umeme wa mtaani uliporudi, Fundi alilizima jenereta, akalifuta kwa kitambaa, akasoma kijitabu chake.

"Oili," alisema. "Likishafanya kazi ya kwanza hubadilishwa oili."

"Nitapitia dukani kesho," mkewe alijibu.

"Nakwenda mimi."

Tangu augue hakuwa ametoka nje ya geti peke yake. Mama Vifaranga alimletea shati. Alimfunga vifungo viwili vya shati. Cha tatu Fundi alikifunga mwenyewe, kwa kushoto, na kilichukua muda wake. Kisha akashika mkongojo, akatoka. Mama wa saluni alimwona, akapiga kigelegele mkasi ukiwa mkononi. Mtu mmoja upande wa pili wa barabara alipaza sauti, "Fundi! Shikamoo Fundi! Umerudi mjini?" na Fundi aliinua mkongojo kumjibu, akayumba kidogo, akajiweka sawa, akaendelea.

Mkewe alimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona. Kisha akaingia ndani, maana vifaranga walikuwa wanadai maji.